Kicheko Ndani ya Jasho Tamu

Mchana ule alikuwa amefuata feni yake tu. Feni ilikuwa imekaa kwa fundi wiki nzima, na joto la chumbani kwake lilikuwa limefikia kiwango cha kumfanya mtu azungumze na kuta. Akaomba ruhusa kazini, akavua koti lake jeupe, akabaki na gauni la maua madogo ya rangi ya machungwa na makubazi ya chini, akaingia uchochoro wa maduka ya umeme, mahali ambapo watu hupita kwa mabega na kila spika inagombana na spika ya jirani.

Alikuwa amefika katikati ya uchochoro wimbo ulipomkuta.

Kwanza lilikuja gitaa la besi, zito, likitembea kwa madaha kama mtu anayejua kwamba anatazamwa. Ngoma zikalifuata. Tarumbeta zikakata mara mbili, kali, kisha sauti ya mwanamke ikapanda juu ya vyote hivyo, haina haraka hata kidogo. Na katikati ya ubeti, pale ambapo mwimbaji mwingine angevuta pumzi, mwanamke yule akacheka. Kicheko kifupi cha puani, kilichoishia kwa "aah!" ya mtu aliyetekenywa.

Akasimama kama aliyepigwa msumari.

Kicheko kile alikijua. Alikuwa amekisikia maisha yake yote, jikoni, uani, nyuma ya mlango wa bafu, na mara ya mwisho kwenye kitanda cha hospitali, miaka miwili iliyopita, kabla mwenye nacho hajafumba macho. Kilikuwa kicheko cha mama yake. Lakini mama yake hakuwa mwimbaji! Mama yake alikuwa mwalimu wa chekechea, labda mwalimu pekee wa chekechea duniani asiyeimba. Watoto waliimba, yeye akapiga makofi.

"Dada, njia!" alifoka mchukuzi mwenye mkokoteni. "Au unataka nikupakie?"

Mkono ukamshika kiwiko, ukamvuta taratibu pembeni. Mwenye mkono alikuwa mwanamume mrefu, mwembamba, shati lake la samawati limekunjwa mikono, nyaya nyeusi zimezungushwa begani kama mwindaji aliyerudi nyumbani na chatu.

"Pole, dada. Umepotea?"

"Nani anaimba?" aliuliza.

"Ukiweza kunijibu hilo, nitakununulia uchochoro mzima." Aliionyesha kwa kidole spika aliyokuwa akiifunga mlangoni mwa duka. "Santuri inaitwa *Jasho Tamu*. Bendi ya Mabati Mapya. Ina miaka arobaini, na mpaka leo hakuna muziki wa fanki uliopigwa ukaifikia. Hawa vijana wanaovuma siku hizi, nusu yao wamekata vipande vya humu wakavishonea kwenye nyimbo zao. Jaladani kuna majina ya wanaume sita. Yule mama hayupo. Si jina, si picha."

"Huenda hakutaka."

"Nani asitake?" Alicheka. "Nimempenda huyo mwanamke tangu nina miaka kumi na minne. Ameniharibia maisha. Kila mchumba niliyempata, akicheka tu, najikuta nalinganisha."

Hapo, bila kupenda, naye akacheka. Kilimtoka kifupi, cha puani, na kikaishia pabaya.

Mwanamume akamgeukia. Alimtazama kama mtu aliyesikia jina lake likiitwa mahali ambapo hafahamiki.

"Lazima niende," alisema yeye haraka. "Feni yangu inasubiri."

"Feni haina miguu, dada. Nipe basi hata jina."

"Fanya kazi yako."

Alifika kwa fundi, akapokea feni, na alipogeuka mwanamume alikuwa amesimama nyuma yake akitabasamu, chatu wake bado begani. "Mzigo huo mkubwa," alisema. "Mimi naitwa Waya. Niubebe mpaka wapi?"

*

Mwenye feni alifanya kazi kwenye duka la miwani. Alikata vioo, akavisaga, akavipachika kwenye fremu, na watu wa mtaa ule wote walimwita Dokta ingawa alichoka kuwaambia kwamba yeye si daktari. Kazi yake ilikuwa kuwafanya watu wengine waone. Jioni alirudi kwenye nyumba ya vyumba viwili aliyoachiwa na mama yake, akapika chakula cha mtu mmoja, akala amesimama. Kukaa mezani peke yake kulimfanya atazame kiti cha pili.

Waya alianza kupiga simu kesho yake. Namba aliipata kwenye kibao cha duka.

"Dokta, macho yangu yanauma."

"Njoo upimwe."

"Hapana, yanauma kwa sababu hayajakuona."

"Maneno hayo ulimwambia nani kabla yangu?"

"Wengi. Hakuna aliyeniamini. Wewe je?"

"Mimi nina kazi, kaka."

"Usiniite kaka, tafadhali. Kaka ni mlango unaofungwa taratibu, lakini umefungwa."

Akajikuta akitabasamu mbele ya mashine ya kusaga vioo.

Waya alikuwa fundi mitambo ya sauti. Kampuni moja ya muziki ilikuwa imempa kanda za awali za *Jasho Tamu* azisafishe, ili santuri itolewe upya kwa kutimiza miaka arobaini. Alizungumza juu ya santuri ile kama wengine wanavyozungumza juu ya kijiji walichozaliwa. Baba yake, seremala, alikuwa akiipiga kila Jumapili huku akipiga randa, na baba alipoihama nyumba alibeba vifaa vyake vyote akasahau ile santuri. "Basi hiyo ndiyo iliyonilea," alisema siku moja, wakinywa chai kwenye mkahawa ulio chini ya ngazi za duka lake. "Nilikuwa naiweka nikirudi shule ili nyumba isiwe kimya."

Yeye alijua maana ya nyumba kuwa kimya. Hilo ndilo lililomshinda nguvu, si yale maneno matamu. Akaanza kuvaa hereni. Mwenzake wa mapokezi akaguna: "Dokta, hizo hereni zinasikiliza nini?"

Lakini siri yake aliikalia. Waya alipokuwa akimsimulia jinsi alivyosafisha kanda, jinsi sauti ya yule mama ilivyotoka sasa safi kana kwamba amesimama chumbani, yeye alikoroga chai iliyokwisha poa. Aliogopa mambo mawili. Mama yake aliyaficha yale maisha, na mtu hafichi kitu bure. Na la pili lilikuwa baya zaidi: mwanamume huyu alikuwa amempenda mwanamke wa kwenye santuri tangu utotoni. Je, aliyekuwa akimnunulia chai ni yeye, au ni pua yake inayocheka?

Jioni moja mvua ilinyesha, umeme ukakatika, na simu ikawa ndiyo taa pekee ndani ya nyumba.

"Umekula?" Waya aliuliza.

"Unaniuliza kama mama mkwe."

"Nijibu, malkia wangu."

"Nimekula." Mvua ilipiga bati. "Waya. Nikikwambia kitu, kitabaki kwako?"

"Kitakufa nami."

"Yule mwanamke ni mama yangu."

Upande wa pili akasikia mtu mzima akilia, akijaribu kulia bila sauti, jambo ambalo fundi wa sauti angepaswa kujua kwamba haliwezekani.

*

Siku chache baadaye alikuwa akimpima fremu mama mmoja mnene aliyetaka miwani isiyoonekana kama miwani. Redio ilikuwa ikinong'ona juu ya kaunta. Mtangazaji akasema: "Na wapenzi wa fanki, kaeni mkao wa kula! Fumbo la miaka arobaini limefumbuliwa. Mwimbaji asiyejulikana wa *Jasho Tamu* alikuwa mwalimu wa chekechea, na binti yake yupo papa hapa mjini, anatengeneza miwani..."

Fremu ikamponyoka.

Simu ya kwanza ilitoka kwa mama mdogo, ndugu wa pekee aliyebaki wa mama yake, mwanamke aliyezungumza kwa simu kama anayegonga mlango.

"Wewe mtoto! Siri ya dada yangu inafanya nini redioni?"

"Mama mdogo, sikujua kama ulijua."

"Nilijua! Nilijua na nikafumba mdomo miaka yote hiyo, wewe hata mwaka hujaukalia!"

Simu ya pili ilikuwa ya Waya.

"Nisikilize, mpenzi. Sikwenda redioni. Nilimwambia bosi tu, nilikuwa na furaha, nikamwambia asiseme..."

"Ulisema kitakufa nawe. Mbona wewe u mzima?"

"Nimekosa. Nimekosa, sina pa kujificha."

"Nina swali moja, Waya. Siku ile ulianza kunitaka kabla ya kicheko, au baada ya kicheko?"

Alichelewa kujibu. Ni kitambo kidogo tu, cha mtu anayejaribu kukumbuka kwa uaminifu, lakini mwenye jeraha hana subira ya kupima vitambo.

"Sawa," alisema. "Ulikuwa unamtafuta mama. Umempata. Niache mimi."

Akazima simu. Siku zilizofuata walikuja watu dukani, vijana wenye kamera, mashabiki wenye mvi na suruali za zamani zilizopanuka miguuni, wakitaka tu kumwona. Mmoja alimwomba acheke. Mwenzake wa mapokezi alimfukuza kwa ufagio.

Na uchochoroni, kwa vinyozi, kwenye teksi, kila mahali kulipigwa *Jasho Tamu*. Mji mzima ukawa unacheza juu ya pumzi ya mama yake. Yeye akazoea kutembea ameziba masikio kwa vidole kama mtoto. Maiti ya mtu huzikwa mara moja. Yeye alihisi anazika kila kona. Nyumbani alivua hereni, akaziweka kwenye bakuli la sukari kwa usahaulifu, akazikuta asubuhi ndani ya kikombe chake cha chai, na hakuwa na mtu wa kumwambia kichekesho hicho. Hapo ndipo alipolia.

*

Mzee aliingia dukani saa ya mchana, peke yake, akipapasa kizingiti kwa ncha ya kiatu. Kofia yake ilikuwa ya manyoya meusi yaliyochakaa, na vidole vyake havikutulia; viligonga kaunta, viligonga paja, viligonga hewa.

"Nimekuja kupimwa macho," alisema. "Lakini huo ni uongo. Macho yangu yamekwisha. Nimekuja kukuona kwa masikio. Mimi ndiye niliyepiga ngoma."

Angemfukuza, kama alivyowafukuza wengine. Lakini mzee alikuwa amekwisha kukaa kwenye kiti cha wagonjwa, na alikuwa akihema.

"Yule kijana wa nyaya hakunituma," mzee aliendelea. "Alikuja kwangu kuniomba nisizungumze na mtu yeyote wa redio. Ameacha kazi, unajua? Bosi alimtaka aandike habari za mama yako kwenye jalada jipya. Akasema hana ruhusa. Wakavutana, akatoka. Kanda alizisafisha mpaka mwisho, akazirudisha, akaenda kufunga spika za makanisa na vilabu. Ila hilo ni lake. Mimi nina langu. Unataka kujua mama yako alicheka nini?"

Alivuta kigoda, akakaa mbele ya mzee.

"Tulimwita Chiriku. Nyumbani kwao walikuwa wamemfukuza kwa ajili yetu, maana binti wa watu kuimba bendini ilikuwa aibu. Kisha akapata mimba, wazazi wakasema: rudi, tutakupokea wewe na mtoto, lakini muziki tusiusikie tena, hata jina lako humo lisiwemo. Akakubali. Akatuomba wimbo mmoja tu kabla ya kurudi. Tulirekodi alasiri moja, chumba kina joto la tanuri, tumbo lake liko hapa, limetuna kama ngoma yangu kubwa. Tukaanza. Nikapiga lile pigo, unalijua, pa-pa ndu! Mtoto akapiga teke. Nikapiga tena, teke. Mama yako akashindwa, akacheka. Mpiga gitaa akataka turudie. Chiriku akasema: 'Hapana, acheni hivyo hivyo. Huyu naye ni mwanabendi.'"

Vidole vya mzee vikatulia kwa mara ya kwanza.

"Kwa hiyo mimi sikuja kumwona mtoto wa mwimbaji," alisema. "Nimekuja kumsalimu mwenzangu."

*

Mama mdogo alimpokea mlangoni bila kumkaribisha, kisha akamkaribisha bila kumtazama. Nyumba yake ilinukia sabuni. Wakakaa sebuleni, kila mmoja amebeba kikombe kama ngao.

"Mama mdogo, nataka jina lake liwekwe. Lakini kama yeye hakutaka, sitagusa."

"Alisema lisiwekwe."

"Alimwambia nani?"

"Aliwaambia baba na mama. Baba na mama wamekufa." Mama mdogo alikuna goti. "Unajua dada yangu alipokuwa anapiga makofi pale shuleni kwake, alikuwa hapigi kama walimu wengine. Nilikwenda siku moja nikasimama dirishani. Makofi yake yalikuwa yanacheza. Watoto wadogo vile, wanatikisa mabega! Nikasema moyoni, hawa wazee wangu wamefunga mlango, wameacha dirisha." Akanywa chai, akakunja uso kana kwamba ni chungu. "Aliapa kwamba bendi haitamtaja. Mtoto wake hakuwemo kwenye kiapo."

"Mtoto wake alikuwemo tumboni."

"Basi umekwisha zaliwa! Nenda."

*

Alimkuta Waya kwenye ukumbi mtupu, katikati ya viti vilivyopandishwa juu ya meza, amepiga magoti nyuma ya spika. Shati lilikuwa lile la samawati, lakini halikupigwa pasi. Alipomwona akainuka haraka, akagonga kichwa kwenye kona ya meza.

"Aah! Karibu."

"Pole."

"Nimestahili."

Ukumbi ulikuwa kimya, kimya cha mahali palipozoea kelele.

"Nimekuja kukupa kitu uwapelekee wale wa kampuni," alisema. Akamtajia jina la mama yake, majina yote matatu, taratibu, na Waya akayarudia kwa midomo bila sauti, kama mtu anayejifunza dua. "Liwe la kwanza. Juu ya wale wanaume sita."

"Mimi sina kazi pale tena."

"Najua. Lakini wewe ndiye utakayelipeleka. Mimi simwamini mwingine."

Waya akatikisa kichwa kukubali. Macho yake yalikuwa yamejaa, akayafuta kwa kiwiko.

"Lile swali lako," alisema. "Nimelifikiria kila siku. Nilikuvuta pembeni kabla ya kicheko. Ulikuwa unalia, Dokta. Machozi yanashuka mpaka shingoni na wewe hujui. Nikasema, huyu ana nyumba ya kimya kama mimi. Kisha ukacheka, nami, ndiyo, nikachanganyikiwa. Siwezi kukudanganya. Kwa wiki moja au mbili sikujua ninampigia nani simu. Halafu nikaanza kusahau kusikiliza unavyocheka, kwa sababu nilikuwa nataka kujua umecheka nini."

Alimtazama kwa muda mrefu. Alikuwa akitazama macho ya watu kila siku, lakini kwa kupima; haya hakuyapima.

"Mimi siimbi, Waya. Sijui hata kupiga mluzi. Ukija kwangu kutafuta sauti, hutaikuta."

"Nije kutafuta nini?"

"Chakula. Jumapili. Na usije na spika."

*

Alikuja mikono mitupu, kama alivyoambiwa, ndevu amenyoa mpaka wembe ukamkata. Yeye alivaa gauni la kijani lililokaa kabatini tangu msiba, na kwa mara ya kwanza baada ya muda mrefu alikula amekaa. Kiti cha pili kililia kilipobeba uzito wa mtu. Alimsimulia habari za hereni na chai, na Waya akacheka mpaka akapaliwa.

Alimwambia pia alivyosema mzee wa ngoma kuhusu lile teke. Waya aliweka kijiko chini. Kisha akanyoosha mkono juu ya meza na kuuacha pale, wazi, mpaka yeye alipouwekea wa kwake.

"Miezi miwili ijayo nitakuwa sipo," alisema Waya baadaye. "Wale wazee watatu wa bendi waliobaki wanaipeleka santuri miji ya nje, na wamesema hawataki fundi mwingine. Nilitaka ujue kabla hujanizoea."

"Umechelewa."

"Nitapiga simu kila jioni."

"Najua. Utaniuliza kama nimekula."

"Na nikirudi?"

Yeye alifikiria nyumba itakavyokuwa kesho, na kesho kutwa, feni ikizunguka peke yake. Kumpenda mtu hakukufukuza ule upweke; kulimpa tu jina la kuutaja.

"Ukirudi usipange chumba kingine," alisema.

Waya hakuuliza mara mbili. Alinyanyuka ghafla, akakusanya sahani, akaenda nazo jikoni kabla hajaonekana uso. Maji yakafunguliwa. Sahani zikagongana. Kisha, mtu akiwa amejisahau, wimbo ukaanza jikoni.

Ilikuwa sauti mbaya kuliko zote alizowahi kusikia. Mtu aliyesafisha kanda za miaka arobaini, anayesikia kasoro ya uzi mmoja kwenye spika kumi, aliimba kama mbuzi aliyekwama kwenye uzio. Ilipanda palipotakiwa kushuka, ikashuka mahali ambapo hapakuwa na ngazi.

Kisha ikakatika. Huenda alijisikia.

Yeye alikuwa bado mezani, viganja vyote viwili juu ya mbao.

"Usinyamaze," alisema kwa sauti ya kufika jikoni. "Endelea."